Kusikia Neno bila Kusikia Toni: Uhakiki wa Tafiti kuhusu Watoto Viziwi Wenye Vipandikizi vya Koklea na Toni za Kikantoni

Ikisiri

Kikantoni hutofautisha maana za maneno kwa toni sita, ilhali kipandikizi cha koklea, kifaa kinachowapa usikivu watoto wengi viziwi wa Hong Kong, hupitisha kidatu cha sauti kwa udhaifu mkubwa. Makala haya yanahakiki namna tafiti za toni za Kikantoni zilivyopima usikivu wa watoto hao na namna matokeo yake yanavyoweza kusomwa visivyo na watunga sera. Hoja kuu ni kwamba kauli mbili zinazotokana na tafiti hizo, yaani "mtoto hasikii toni" na "mtoto anaelewa vizuri hata bila toni", zote mbili huhamishia kwa mtoto jambo ambalo kimsingi ni la kifaa, la jaribio au la mazingira ya darasani. Makala yanapendekeza kwamba vipimo vitenganishe mambo hayo, na kwamba haki ya mtoto ya kupata lugha kamili katika miaka yake ya mwanzo isitundikwe kwenye njia moja ambayo kifaa huipitisha kwa shida.

1.0 Utangulizi

Katika Kikantoni, silabi si inaweza kumaanisha shairi, historia, kujaribu, wakati, soko au jambo. Konsonanti ni ileile na irabu ni ileile. Kinachobadilika ni kidatu, yaani kiwango cha juu au cha chini cha sauti na mwelekeo wake. Mtoto anayesikia, anayekulia Hong Kong, Macau au Guangdong, huanza kuzitumia tofauti hizi mapema, mara nyingi kabla hajamudu konsonanti zote za lugha yake. Kwake toni si pambo linaloongezwa juu ya neno. Ni sehemu ya neno lenyewe, kama ilivyo tofauti ya p na b kwa mzungumzaji wa Kiswahili.

Kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi na kuwekewa kipandikizi cha koklea, hali ni nyingine. Kipandikizi kimewawezesha watoto wengi kupata usikivu ambao vifaa vya kawaida vya kukuza sauti haviwezi kuwapa. Hata hivyo, kilibuniwa na kuboreshwa kwa kiasi kikubwa miongoni mwa wazungumzaji wa lugha ambazo kidatu hakibadilishi maana ya neno. Graeme Clark na timu yake walimpandikiza mgonjwa wao wa kwanza mjini Melbourne mwaka 1978. Mbinu ya uchakataji wa sauti iliyokuwa msingi wa vifaa vingi vya baadaye ilielezwa na Wilson na wenzake nchini Marekani mwaka 1991. Katika mazingira yote mawili, kipimo cha mafanikio kilikuwa uwezo wa kuelewa maneno na sentensi za Kiingereza.

Swali la iwapo kifaa hicho kinafaa kwa Kikantoni, kwa hiyo, si swali la pembeni. Majibu yake huamua matarajio ya wazazi, mzigo wa watoa tiba ya usemi, mpangilio wa madarasa, na hata kama mtoto atafundishwa lugha ya alama au la. Kwa sababu hiyo, namna majibu hayo yalivyopatikana inastahili kuhakikiwa kwa makini.

2.0 Toni sita na njia inayopita kwenye kifaa

Kikantoni cha kisasa kwa kawaida huelezwa kuwa na toni sita bainifu. Hesabu ya jadi hufikia tisa kwa kuzitenga silabi zinazoishia na p, t au k. Kati ya toni sita, tatu ni bapa, yaani hazipandi wala kushuka kwa namna inayoonekana: ya juu, ya kati na ya chini. Mbili hupanda, moja ikifika juu na nyingine ikiishia katikati. Ya mwisho hushuka katika eneo la chini la sauti. Toni hizi hazikupangwa kwa nafasi sawa. Toni bapa ya juu imesimama peke yake, ilhali toni bapa ya kati na ya chini, pamoja na toni ya kushuka na ile inayopanda kidogo, zimesongamana katika sehemu ya chini. Tofauti zilizo ngumu zaidi kwa sikio lolote zimo katika msongamano huo.

Ulinganisho na Kimandarini unasaidia kuonesha ugumu huu. Kimandarini kina toni nne zenye maumbo yanayotofautiana waziwazi, na baadhi yake hutofautiana pia kwa urefu wa silabi na kwa namna nguvu ya sauti inavyopanda na kushuka. Msikilizaji asiyepata kidatu vizuri anaweza kuegemea vidokezo hivyo. Katika Kikantoni vidokezo vya namna hiyo ni vichache zaidi, na toni tatu bapa hutegemea karibu kabisa kiwango cha kidatu. Matokeo ya tafiti za Kimandarini, kwa hiyo, hayawezi kuhamishwa moja kwa moja hadi Hong Kong.

Kipandikizi chenyewe hufanya kazi kwa kuigawa sauti katika kanda kadhaa za masafa, kutoka nzito hadi nyembamba. Katika kila kanda, kichakataji hupima mabadiliko ya jumla ya nguvu ya sauti, kisha hutumia kipimo hicho kudhibiti mapigo ya umeme kwenye elektrodi zilizolala ndani ya koklea. Vifaa vinavyotumika sana vina elektrodi kati ya 12 na 22. Zinafanya kazi mahali ambapo sikio lenye afya lina takribani seli 3,500 za ndani zenye vinyweleo vya kupokea sauti. Isitoshe, umeme husambaa katika majimaji ya koklea, hivyo elektrodi jirani huingiliana.

Utaratibu huu huhifadhi mengi ya yanayohitajika ili kutambua konsonanti na irabu. Kinachopotea ni mitetemo midogo ya haraka ndani ya kila kanda, pamoja na mpangilio wa sauti ambatani ambao sikio la kawaida hutumia kutambua kidatu. Kilichosalia ni mdundo wa jumla wa nyuzi za sauti, ukipita kama mabadiliko ya nguvu ya mapigo. Watumiaji wengi wa vipandikizi huacha kutambua tofauti za kidatu kwa njia ya mdundo pale unapozidi takribani mapigo 300 kwa sekunde. Sauti ya mwanamume mtu mzima iko chini kabisa ya mpaka huo. Sauti ya mwanamke huukaribia, na ya mtoto mara nyingi huugusa au kuuvuka. Maana yake ni nzito: watu ambao mtoto mdogo huzungumza nao zaidi, yaani mama, walimu wa shule za awali na watoto wenzake, ndio ambao kidatu chao hupita kwa shida zaidi.

3.0 Uhakiki wa ushahidi

3.1 Jaribio na swali lake

Utafiti unaorejelewa mara nyingi ni wa Ciocca na wenzake (2002). Walishiriki watoto 17 waliopoteza usikivu mapema, wenye umri kati ya miaka minne na nusu na karibu miaka tisa. Kila mtoto alisikia neno la silabi ji ndani ya sentensi fupi, kisha akachagua moja kati ya picha mbili. Silabi hiyo, kwa toni mbalimbali, inaweza kuwa nguo, kiti, sikio au mbili. Kwa pamoja watoto walivuka kiwango cha kubahatisha katika ulinganisho wa aina tatu tu za jozi za toni. Waandishi walihitimisha kwamba watoto hao walikuwa na ugumu mkubwa wa kupata taarifa za kidatu zinazohitajika kutambua toni.

Hitimisho hilo limeandikwa kwa uangalifu: linazungumzia kundi lile na taarifa za kidatu. Tatizo huanza linapofupishwa katika mazungumzo ya kisera na kuwa "watoto wenye vipandikizi hawasikii toni". Barry na wenzake (2002), katika mwaka uleule, walichunguza utofautishaji wa toni na wakaonesha kwamba watoto wenye vipandikizi waliweza kutofautisha baadhi ya jozi. Matokeo haya mawili yanaonekana kupingana iwapo tu msomaji atasahau kwamba yanajibu maswali mawili. Kutofautisha ni kujua kwamba sauti mbili hazifanani. Kutambua ni kujua kila moja ni toni ipi na ni ya neno lipi. Mtoto anaweza kuhisi kwamba sauti imebadilika bila kuwa na mahali pa kuiweka katika kamusi ya akili yake. Wa namna hiyo anahitaji mafunzo ya kuhusisha sauti na neno. Asiyehisi mabadiliko yoyote anahitaji kifaa bora. Kauli moja inayowajumuisha wote wawili haimsaidii yeyote.

Wastani wa kundi nao una hatari yake. Kundi linaloonekana kubahatisha linaweza kuwa na watoto wachache wanaotambua vizuri na wengi wasiotambua kabisa. Kwa mshauri wa sera, wachache hao ni ushahidi muhimu: huonesha kwamba kuna hali fulani, iwe ya umri, ya mabaki ya usikivu au ya malezi ya lugha, inayofungua njia.

3.2 Umri wa kusikia na mlinganisho

Watoto katika utafiti wa Ciocca na wenzake walikuwa wametumia vipandikizi kwa miezi kati ya 11 na 41. Kwa umri wa kusikia, basi, walio wengi walikuwa wachanga kuliko picha walizooneshwa. Mtoto wa miaka saba mwenye mwaka mmoja wa kusikia hawezi kupimwa kwa kigezo cha mtoto wa miaka saba mwenye miaka saba ya kusikia, kisha tofauti yote ikahesabiwa kuwa ni ya kifaa. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na katika ujifunzaji wa lugha usemi huo una uzito wa kisayansi. Matokeo ya watoto waliopandikizwa kwa kuchelewa hayapaswi kutumika bila tahadhari kutabiri hatima ya wanaopandikizwa leo wakiwa wadogo zaidi.

Utafiti huo ulikuwa pia na mtoto mmoja wa mlinganisho, wa miaka sita na nusu, mwenye upungufu wa wastani wa usikivu, aliyefanya vizuri zaidi sana kuliko wenzake wenye vipandikizi. Mtoto mmoja hatoshi kuwa msingi wa kauli ya jumla. Hata hivyo, anatoa kidokezo kinachostahili kufuatiliwa. Upungufu wa wastani kwa kawaida huacha usikivu wa masafa ya chini, na hapo ndipo kidatu cha usemi hukaa. Swali linalozaliwa ni la kivitendo: je, mtoto mwenye mabaki ya usikivu katika sikio lisilopandikizwa anahimizwa kuendelea kuvaa kifaa cha kukuza sauti katika sikio hilo? Mfumo wa tiba unaokiona kifaa hicho kuwa kimepitwa na wakati mara kipandikizi kinapowashwa unaweza kumnyang'anya mtoto njia yake bora ya kufikia toni.

3.3 Kipimo cha usahihi ni cha nani?

Suala la tatu halijapewa uzito unaostahili. Kila jaribio la toni huchukulia kwamba kuna jibu sahihi ambalo jamii yote ya wasikiaji inalishiriki. Mok, Zuo na Wong (2013) walionesha kwamba katika Kikantoni cha Hong Kong baadhi ya wazungumzaji wenye usikivu wa kawaida wanaziunganisha toni kadhaa: zile mbili za kupanda, toni bapa ya kati na ya chini, na toni ya kushuka na bapa ya chini. Haya ni mabadiliko ya lugha yanayoendelea na hayahusiani na ulemavu wowote.

Athari yake kwa upimaji ni kubwa. Mtoto kiziwi anayekosea kati ya toni mbili za kupanda huenda anatoka katika nyumba ambayo mama na kaka zake hawazitenganishi. Kumhesabia kosa hilo kuwa ni upungufu wa usikivu ni kumdai usahihi ambao jirani yake mwenye masikio mazima hadaiwi. Mtihani wa haki ungepima kwanza usemi wa nyumbani kwa mtoto, kisha ungezipa uzito mkubwa zaidi zile tofauti ambazo jamii yake bado inazitunza.

Hoja ya mazingira ya neno inafanana na hiyo. Wong na Diehl (2003) walionesha kwamba wasikilizaji wa kawaida wa Kikantoni huzitambua toni bapa kwa kuzilinganisha na kidatu cha maneno yanayozizunguka. Sauti ileile husikika kuwa toni nyingine pindi kidatu cha sentensi kinapobadilishwa. Watafiti wanapoliweka neno ndani ya sentensi humpa mtoto anayesikia msaada. Mtoto mwenye kipandikizi hupata msaada mdogo zaidi, kwa kuwa kidatu cha sentensi nacho kimefifia. Anapotezewa mara mbili: katika neno lenyewe na katika kile ambacho neno lingelinganishwa nacho.

4.0 Hoja ya "anaelewa vizuri"

Dhidi ya matokeo ya jozi za toni, huletwa hoja ya upande wa pili: mtoto huyu hufuata maagizo, hujibu maswali na huongea na nyanya yake, toni ina umuhimu gani basi? Hoja hii ina ukweli ndani yake. Watu hawazungumzi kwa silabi moja moja. Muktadha, mpangilio wa maneno na maarifa ya ulimwengu huziba mapengo mengi, na ni maneno machache tu ambayo muktadha hauwezi kuyatenganisha.

Ukweli huo, hata hivyo, una masharti. Kwa upande wa Kimandarini, Patel, Xu na Wang (2010) walionesha kwamba sentensi zilizoondolewa mabadiliko ya kidatu zilieleweka vizuri mahali palipo kimya, lakini uelewekaji ulishuka kwa kiasi kikubwa palipokuwa na kelele. Wasikilizaji hao walikuwa na usikivu wa kawaida na lugha iliyokomaa. Mtoto ambaye bado anajifunza lugha, tena kupitia kifaa kinachopata shida katika kelele, ana akiba ndogo zaidi ya kuegemea. Chumba cha kliniki ni kimya, darasa si kimya. Ripoti ya kliniki inayosema "anaelewa vizuri" huweza kuwa ya kweli kabisa na bado isiseme lolote kuhusu saa tatu asubuhi katika darasa lenye watoto thelathini.

Lipo pia jambo la maneno mapya. Muktadha humsaidia msikilizaji kuchagua kati ya maneno anayoyajua. Haumfundishi neno asilolijua. Mtoto anapokutana na istilahi ya sayansi au jina la mtu, toni ni sehemu ya umbo analopaswa kulihifadhi. Asipoipata huhifadhi umbo pungufu, na mapengo hayo hulimbikizana kimyakimya mwaka hadi mwaka. Mwalimu humwona mtoto mwenye msamiati mdogo na huenda akadhani tatizo ni akili au bidii. Usimlaumu dobi, kaniki ndiyo rangi yake.

5.0 Kutoka maabara hadi sera

Kwa miongo mingi elimu ya viziwi Hong Kong iliegemea usemi wa mdomo na kuwaingiza watoto katika shule za kawaida. Kuenea kwa vipandikizi kuliimarisha mwelekeo huo. Mantiki yake ilikuwa rahisi: ikiwa kifaa kinampa mtoto lugha ya jamii, lugha ya alama si ya lazima. Tafiti za toni zinaitikisa mantiki hii mahali pake dhaifu, kwa maana zinaonesha kwamba kile anachopewa mtoto ni Kikantoni kilichopunguzwa sehemu mojawapo ya msingi wake.

Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong, kupitia kituo chake cha isimu ya lugha za alama na taaluma za viziwi, kilianzisha mpango ambamo watoto viziwi na wanaosikia husoma darasa moja, wakifundishwa kwa ushirikiano na mwalimu anayesikia na mwalimu kiziwi, kwa lugha ya mazungumzo na Lugha ya Alama ya Hong Kong. Umuhimu wa mpango huo kwa mjadala wa toni haujasemwa vya kutosha. Lugha ya alama haipiti kwenye elektrodi. Dhana mpya inaweza kumfikia mtoto ikiwa kamili kwa macho, kisha umbo lake la Kikantoni likajengwa juu ya maana ambayo tayari anayo. Kwa mtazamo huu, lugha ya alama si kimbilio la walioshindwa na kifaa, bali ni msingi unaomruhusu mtoto kukitumia kifaa bila kuutegemea ukamilifu wake.

6.0 Mipaka ya kuhamisha matokeo

Kwa wasomaji wa ukanda wa Afrika Mashariki na Kati, suala hili lina uhusiano wa moja kwa moja. Upandikizaji umekwisha kuanza. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa huduma hiyo mwaka 2017. Kiswahili si lugha ya toni. Mkazo wake kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na jozi kama barabara (njia) na barabara (sawasawa), zinazotofautishwa kwa mkazo, ni za kuhesabika. Mafanikio ya mtoto katika Kiswahili, kwa hiyo, hayatabiri mafanikio yake katika Kinyarwanda, Kirundi, Kiganda au Lingala, ambazo ni lugha za toni na huenda ndizo zinazozungumzwa nyumbani kwao baadhi ya watoto watakaopandikizwa.

Kwa upande mwingine, majaribio ya Hong Kong nayo hayafai kunakiliwa yalivyo. Katika Kinyarwanda na Kirundi, toni hufanya pia kazi ya kisarufi: huweza kutenganisha kitenzi cha sentensi kuu na kile cha kishazi tegemezi cha urejeshi. Tofauti hiyo haichoreki kwenye picha mbili za nguo na kiti, na maandishi ya kawaida ya lugha hizo hayaioneshi toni. Mtoto asiyeisikia hawezi kuipata kwenye kitabu. Kinachofaa kuhamishwa kutoka Hong Kong ni maswali: ni tofauti zipi za lugha hii hubebwa na kidatu pekee, jamii ya mtoto inazitunza zipi, na kifaa kinazipitisha zipi kwa sauti ya mama na si ya daktari tu?

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba tafiti za toni za Kikantoni zina thamani kubwa kuliko kauli fupi zinazotokana nazo. Zinathibitisha kwamba kipandikizi hupitisha kidatu kwa udhaifu, na kwamba udhaifu huo huumiza zaidi pale ambapo toni zimesongamana. Hazithibitishi kwamba mtoto hana uwezo wa toni, wala kwamba toni haina umuhimu kwake.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, ripoti za upimaji zitenganishe utofautishaji na utambuzi, zitaje umri wa kusikia, na zitoe matokeo ya mtoto mmoja mmoja pamoja na wastani. Pili, upimaji ufanywe pia katika kelele ya kiwango cha darasa, kwa sauti za wanawake na watoto, na kwa kuzingatia usemi wa nyumbani. Tatu, uamuzi kuhusu lugha ya alama usisubiri matokeo ya kipandikizi. Kusubiri huko hugharimu miaka ambayo hairudi, na anayeilipa ni mtoto ambaye hakuulizwa.